Fundi Sponji Alivyoiogopa Sahani

Kabla moyo haujamgomea, Fundi Sponji alikuwa mtu wa kuchukua nafasi. Akisimama mlangoni, chumba kilipata giza. Alitengeneza makochi kwenye karakana iliyoungana na nyumba yake, na hilo jina la Sponji alipewa na wateja, wengine kwa sababu ya kazi, wengine kwa sababu ya tumbo. Yeye aliwaitikia wote. Mkewe, Mama Pacha, ndiye peke yake aliyemwita Baba Pacha, ingawa hao pacha walishakuwa watu wazima na kuhamia kwao.

Siku moja alijitia kuinua kochi la watu watatu peke yake, kwa ubishi tu. Kifua kikambana, jasho la baridi likamtoka, akaketi chini katikati ya mabaki ya vitambaa. Mama Pacha hakupoteza muda kulia. Alisimamisha gari la kwanza lililopita, na hospitali wakamuwahi. Walimzibua mshipa wa moyo, wakampa dawa, na kabla ya kumruhusu aondoke, daktari akamweleza kwamba apunguze chumvi, apunguze mafuta, apunguze uzito taratibu, na atembee kila siku.

Katika maneno yote hayo, fundi alirudi nyumbani na neno moja: apunguze.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na kwa fundi ung'ongo wenyewe ulikuwa sahani. Nyama ikapigwa marufuku. Mayai na samaki vikafuata. Maharage alisema yanajaza. Asubuhi alikunywa chai kavu, mchana akala kabeji ya kuchemsha, jioni akaimalizia ileile, nayo imeshachoka. Mama Pacha alibembeleza, akanuna, akabembeleza tena. Mwisho akawa anakula chakula chake jikoni, amesimama, mlango ameurudishia, ili harufu isimtese mgonjwa.

Uzito ukaporomoka, na watu wakafurahi. Dada mkubwa wa fundi, mwanamke ambaye ushauri wake haukungoja kuombwa, alikuja kumjulia hali, akamgeuza mbele na nyuma kama nguo ya dukani, akasema ndugu yake amerudia ujana. Majirani wakampa hongera. Fundi akatoboa tundu jipya kwenye mkanda wa suruali, halafu jingine, na kila tundu alilionea fahari kama cheti.

Ambalo hakulisema ni kwamba nyundo ilikuwa imeanza kumlemea. Kitambaa alichozoea kukivuta kwa mkono mmoja huku akipiga soga, sasa kilimtoa jasho kwa mikono miwili. Akimaliza kiti kimoja, anajilaza. Alijiambia kuwa huko ndiko kupona, moyo una mambo yake.

Ndipo akaja msusi mwenye saluni mtaa wa pili, kutafuta viti vya wateja wanaongoja zamu. Alikagua mishono, akabonyeza sponji, akakitilia shaka kiti kimoja. Aliona kinazama mno, na miongoni mwa wateja wake kuna akina bibi. Je, wataweza kuinuka? Fundi akaona amjibu kwa vitendo. Akaketi, akaegemea, akapandisha mguu juu ya mguu, akamweleza habari za springi. Kisha akataka kuinuka.

Wapi. Akajaribu mara ya pili, akajisukuma kwa viganja, makalio yakarudi palepale. Akatabasamu, akaanza kueleza upya habari za springi.

Msusi akacheka sana. Alisema kiti hicho anakichukua, kwani mteja atakayekaa humo hatahamia saluni nyingine. Lakini fundi hakucheka. Msusi alipomtazama vizuri, akaona mashavu yaliyobonyea na shingo inayocheza ndani ya kola kama mchi ndani ya kinu, na kicheko kikamkauka. Akampa mikono yote miwili, akamvuta.

"Kaka, mwili haujengwi kwa matofali," alimwambia taratibu. "Unakula wewe?"

Fundi akajibu kuwa anakula. Mama Pacha, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema kwamba hali. Kesho yake akamtanguliza mbele, wakaenda kliniki.

Fundi alikwenda akitarajia pongezi. Mtaalamu wa lishe, binti wa rika la wanawe, alimpima uzito, akamzungushia futi kwenye mkono, akampa kifaa akibane kwa nguvu zake zote. Alisoma namba na wala hakupongeza. Akamwuliza anakula nini, akaisikiliza hadithi ya kabeji mpaka mwisho.

"Mzee wangu, mwili usipopewa chakula hujila wenyewe," alisema. "Hukupoteza mafuta tu, umepoteza na misuli. Na moyo nao ni msuli, tena uliojeruhiwa. Utapona kwa kabeji?"

Alimweleza kwamba wengi hudhani mgonjwa wa moyo akikonda ndiyo amepona, kumbe anayekonda ovyo huweza kuchelewa kupona, hata kuliko mnene anayekula inavyopasa. Hakumfungulia mlango wa vikaango. Alitaka samaki, maharage, mayai kwa kiasi, mboga, matunda na mafuta kidogo. Chumvi ibaki kuwa adui. Tumbo lingepungua polepole, kwa miguu si kwa njaa.

Jioni Mama Pacha akaandaa samaki wa kuchemsha na maharage. Fundi akaitazama sahani, sahani nayo kama inamtazama.

"Mama Pacha, si kwamba sina njaa," alisema hatimaye. "Naogopa. Kila tonge naona ndilo litakaloniua."

Mkewe aliinuka. Alikwenda jikoni, akarudi na sahani yake mwenyewe, akaketi karibu naye. Hapo ndipo fundi alipotambua kwamba hajamwona mkewe akila tangu atoke hospitali.

"Na mimi naogopa," Mama Pacha alisema. "Nasikiliza nyundo yako kutwa nzima. Ikinyamaza, nakuja kuchungulia. Basi tule, tuogope wote wawili."

Akala. Alimeza tonge la kwanza, akatulia, akangoja kifo. Ikaja mbweu. Mama Pacha akaanza kucheka kwanza, fundi akafuata, na maharage yakaendelea.

Nguvu hazikurudi kwa mkupuo. Zilirudi kwa kuchungulia, kama mdeni. Leo kitambaa kimekubali kukaza, kesho kimekataa. Lakini zilirudi, na mashavu yakajaa kidogo. Tumbo, kwa mshangao wa dada mkubwa, halikurudi lote. Makochi makubwa sasa aliyainua kwa kusaidiana na wateja wenyewe.

Na jioni walitembea. Mtaalamu alisisitiza watembee bila kusimamasimama, ila hakuwa akimjua Mama Pacha, asiyepita kibaraza chochote bila kusalimia na kuuliza habari za watoto, mmoja mmoja. Fundi aliona mazoezi yake yanaharibika, akajifunza kutangulia mpaka kona, kugeuka, kurudi kumchungulia mkewe, na kwenda tena kona. Kwa mwendo huo wa nenda rudi, alitembea zaidi ya alivyoagizwa.