Seva Iliyojua Kwetu Tu

Ofisi yetu ndiyo inayoweka mtandaoni ramani ya mji, ya picha za kutoka angani, ile wanayoifuata madereva wa ambulensi. Seva ya zamani, ile kompyuta inayoigawa ramani, ilipochoka, zililetwa mbili za majaribio. Kuchagua ipi ibaki nilipewa mimi, na sahihi kwenye fomu ni yangu. Nimsingizie nani?

Ya kwanza tuliiita Bonge: kumbukumbu tele, lakini diski za kizamani zile za kuzunguka. Ya pili Kimbaumbau: kumbukumbu haba, diski za kisasa zenye kasi. Kwa asiyejua, kumbukumbu ni meza, diski ni stoo. Cha mezani unakichukua palepale, cha stoo lazima uinuke ukakitafute. Ramani hukatwa vipande vidogo vidogo, mamilioni, na hakuna meza ya kuvitosha vyote. Hayo nayajua miaka kumi na minne sasa, ndiyo maana najikasirikia.

Mkuu wetu, ambaye kwa pupa yake tunamwita Fasta, akasema, "Wape watu wote wajaribu."

"Niandike kwanza orodha ya sehemu za kufungua, mji mzima. Siku mbili tu."

"Orodha ya nini? Ramani ni ramani bwana!"

"Haraka haraka haina baraka, mkuu."

"Haya, bibi misemo. Saa sita nataka jibu."

Nikaiacha orodha. Kosa langu lilianzia hapo.

Watu kumi na wawili wakakaa kwenye kompyuta. Sasa mpe mtu ramani uone atatafuta nini. Kwao! Mhasibu akafungua kwake, kisha kwa mama mkwe, akacheka kuona bati bado lina kutu. Mlinzi akafungua kwake. Mimi, mtaalamu mzima, nikafungua kwetu nikalitazama tangi letu la maji. Wote tunakaa mitaa mitatu ya jirani na ofisi, basi Bonge akaiweka mezani mitaa hiyo na kuitoa kabla kidole hakijainuka. Kimbaumbau akawa anainuka kwenda stoo, akachelewa kidogo.

"Mcheza kwao hutunzwa," mlinzi akasema, watu wakampigia Bonge makofi. Nikasaini.

Mdogo wangu wa kike ni dereva wa ambulensi. Wiki ya tatu, Alhamisi saa tano asubuhi, akanipigia. Hakusalimia.

"Dada, ramani yako ni kijivu kitupu."

"Uko wapi?"

"Nyuma ya machimbo ya kokoto. Kuna baba amebanwa na kifua, hapumui vizuri."

Nikamtazama Bonge. Ambulensi zote nne zilikuwa nje, kila moja upande wake, zikiomba vipande ambavyo hakuna aliyewahi kuviomba. Mezani havikuwepo, na diski zilikuwa zinakwaruza tu.

"Ngoja kidogo, vinakuja."

"Nani angoje, dada?"

Hakukata simu. Nilimsikia akishusha kioo na kuuliza njia. Kuuliza si ujinga, ila kila aliyeulizwa alianza na salamu. Mmoja akamwelekeza kushoto, mwingine akamrudisha kulia. Dakika kumi na tisa nilizihesabu kwenye saa ya ukutani. Kisha mlango wa gari, hatua za mbio, na baada ya muda sauti ya mwanamke akipiga yowe. Yowe lile halihitaji kuelezwa.

Mdogo wangu akarudi kwenye simu. "Tumemkuta ameshakata roho."

Machozi yakanitoka palepale, mbele ya Fasta na mhasibu, wala sikuyafuta. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Lakini si mliijaribu?" mdogo wangu akauliza.

"Tuliijaribu."

"Na huku?"

"Huko hapana."

"Kwa nini, dada?"



"Hakuna mtu wa ofisini anayekaa huko."