Kiti cha Heshima

Kwa miaka kumi na mmoja Mama Kilo alikuwa anapima watu uwanjani, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumpima yeye.

Kazi yenyewe ilianza kama mzaha. Siku zile kisiwa kilikuwa na ndege moja kwa wiki, iliyoleta barua, vifaranga na ofisa mmoja mwenye kichefuchefu, na kabla haijatua ilibidi mtu atoke na fimbo kuondoa ng'ombe njiani. Mtu huyo alikuwa meneja wa uwanja. Meneja huyohuyo ndiye aliyekata tiketi, ndiye aliyeshika bomba la zimamoto, na ndege ikishaondoka ndiye aliyefagia. Alipochoka kuwa watu wanne ndani ya shati moja akaandika barua kuomba msaidizi. Wakamletea mizani. Mizani ya chuma, ya kusimama juu yake, yenye uso wa mviringo kama saa ya ukutani na mshale mwekundu. Ikabidi atafutwe mtu wa kuisimamia, na jirani wa uwanja ambaye asubuhi hiyo hakuwa na shughuli alikuwa yeye. Jina la Mama Kilo lilimpata kabla ya mshahara.

Ndege ndogo ina hesabu zake. Inabeba abiria tisa, na kila kilo lazima ijulikane. Abiria alipanda kwenye mizani amekumbatia mizigo yake kama mtu anayehama nyumba, mshale ukapanda, namba ikaandikwa, rubani akajumlisha. Watu na mizigo wasizidi kilo mia nane. Njia ya kurukia ilikuwa fupi, mwisho wake ni bahari, na bahari haijawahi kumsikiliza mtu anayejieleza.

Mama Kilo hakuwa mtu wa maneno machache, lakini kwa mambo ya mizani alikuwa kaburi. Uso wa mizani aliugeuzia upande wake, ukutani, akaandika namba kwenye kijikaratasi, akakikunja mara mbili na kumpa rubani. Alijua uzito wa diwani, wa mwalimu mkuu, wa maharusi kabla na baada ya harusi, na hakuutoa hata mmoja. Hila zote alizijua pia: kuna wa kuegemea ukuta, kuna wa kutoa pumzi zote kama puto, kuna wa kunyanyua kisigino kimyakimya. "Teremsha mguu, shangazi," alikuwa akisema bila kuinua macho. "Nao unasafiri."

Aliyewazidi wenzake alipelekwa mbele, ubavuni mwa rubani, ili ndege isije ikakalia mkia. Mama Kilo ndiye aliyekibatiza kiti kile kiti cha heshima. "Leo, mzee wangu, wewe unakaa kiti cha heshima," alisema, na mzee akaenda ametanua kifua, huku wenzake wakitazama mawingu. Kisiwa kizima kilijua maana yake, isipokuwa yule aliyekuwa anaambiwa.

Aliteleza mara moja tu, na ilikuwa kwa wifi yake.

Huyu wifi, dada wa mumewe, alikuwa fundi cherehani mwenye mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Miaka miwili iliyopita alikuwa anakwenda kisiwa kikuu kwenye mahafali ya kitindamimba wake. Jumla ilipotoka, ndege ilikuwa imezidi kilo nne. Kanuni ilisema aliyefika mwisho ndiye anayebaki, na aliyefika mwisho alikuwa wifi, kwa sababu alirudi nyumbani kubadilisha mkufu. Wifi alikataa. Alisema mizani ni mbovu. Kisha akasema, mbele ya foleni nzima, kwamba mizani si mbovu, kibovu ni kijicho cha mtu ambaye watoto wake chuo wanakiona kwenye kalenda. Damu ikampanda Mama Kilo. Akaushika uso wa mizani kwa mikono miwili, akaugeuzia watu, na kusoma kwa sauti: themanini na saba, bila mkoba. Halafu mtu mmoja akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha mafua. Ndege ikaondoka, wifi akabaki, na mtoto akapigwa picha za mahafali peke yake.

Tangu siku hiyo hawakusemezana. Kilichobaki kati yao ni nguo. Kila mwaka Mama Kilo alipeleka kitambaa kwa mkono wa mumewe, na gauni likarudi kwa mkono uleule, bila salamu. Ajabu ni kwamba gauni lilimkaa barabara kila mara, ingawa hakuwa amepimwa tena. Mama Kilo alilichukua jambo hilo kama ushahidi. Kama fundi hana haja ya kupima upya, basi mwili ni uleule.

Wakati huo kisiwa kilikuwa kimeota mabawa. Ndege moja kwa wiki ikawa moja kwa siku, kisha tatu. Watu waliokuwa wakisafiri siku nzima melini wakiwa wamekumbatia ndoo walianza kuruka asubuhi kwenda kung'oa jino na kurudi wakiwa bado hawawezi kusema vizuri. Ng'ombe walihamishwa, wakaja matingatinga, na ng'ambo ya uwanja ikamwagwa lami ya njia mpya, urefu mara tatu ya ile ya zamani. Pembeni yake likasimama jengo la vioo lenye kaunta sita na kompyuta sita. Mwezi uliofuata ingekuja ndege ya watu hamsini. Kule hapimwi mtu. Linapimwa begi tu, namba zinajiandika zenyewe.

Ikaja barua. Kila mfanyakazi anayetaka kukaa kaunta ahudhurie mafunzo ya wiki mbili kisiwa kikuu, kuanzia Jumatatu saa mbili kamili asubuhi. Asiyekuwepo, nafasi yake itapewa mwingine. Meneja alimsomea Mama Kilo sentensi hiyo mara mbili, mara ya pili kwa upole. Hakukuwa na kazi nyingine ya kumpa. Njia ya zamani ilikuwa inafungwa pamoja na mizani yake.

Nafasi ilipatikana kwenye ndege ya Jumapili saa tisa alasiri, ya mwisho siku hiyo. Mama Kilo hakuwa amepanda ndege maishani mwake, jambo ambalo hakuna aliyelifikiria, kama vile mtu hafikirii kama mlango umewahi kuingia ndani. Alifika mapema na begi la kilo ishirini, lakini kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kupima, akavaa koti lake la kazi na kuanza kuwapima wenzake wanane. Wa sita alikuwa wifi. Alikuwa amepata zabuni ya kushona sare za wafanyakazi wa jengo jipya, na alikuwa anakwenda kuchukua vitambaa na kuanzia kazi hukohuko. Alipanda kwenye mizani akaitazama dari kama aliyeona buibui. Mama Kilo akaandika, akakunja, wala hakuinua macho.

Rubani alijumlisha kwa penseli. Mia saba kumi na mbili.

"Zimebaki themanini na nane," alisema. "Na wewe mama?"

Meneja alikuwa ameshaijaza namba yake kutoka kwenye faili. Kilo sitini na nne, namba aliyoiandika Mama Kilo kwa mkono wake siku ya kuajiriwa, na hata siku hiyo alikuwa amejihurumia kidogo. Ukiongeza begi zinakuwa themanini na nne. Mambo safi. Meneja akamtakia safari njema na kumwambia asisahau kuwaletea stika za kubandika kwenye mabegi.

Mama Kilo alitembea mpaka kwenye ndege. Mguu mmoja ulishafika kwenye kingazi. Mbele yake aliiona njia ya kurukia, na mwisho wa njia aliiona bahari, imetulia tuli. Kijikaratasi chenye sitini na nne kilikuwa kimechomoza kwenye mfuko wa shati la rubani. Kwa miaka kumi na mmoja yule bwana alikuwa akirusha watu kwa kuviamini vijikaratasi vile, bila kuuliza hata siku moja.

Akauteremsha mguu.

"Hiyo namba yangu ni ya zamani," alisema.

"Ya zamani kiasi gani?"

"Ingekuwa mtoto, sasa hivi ingekuwa darasa la tano."

Wakarudi wote barazani. Habari zilitangulia, maana kwenye uzio palikuwa na watu waliokuja kusindikiza ndugu zao, na ghafla hakuna aliyekuwa na haraka ya kurudi nyumbani. Kila mmoja pale alikuwa amewahi kusimama juu ya chuma kile. Mumewe naye alikuwepo, ameshika waya wa uzio kwa vidole, anatabasamu tabasamu la mtu anayejua kwamba leo asiseme kitu.

Mama Kilo alimkabidhi meneja kalamu. Akavua koti la kazi, akalitua begi kando, akajikaza kisabuni na kupanda. Akatoa pumzi. Na hapo, bila kukusudia kabisa, kisigino cha kulia kikaanza kunyanyuka.

"Teremsha mguu, wifi," ilisema sauti nyuma yake. "Nao unasafiri."

Yalikuwa maneno ya kwanza kwa miaka miwili. Kisigino kikateremka.

Meneja alisoma, akaisugua miwani kwa shati lake jeupe, akasoma tena. Hakutamka. Aliandika, akakunja mara mbili, akampa rubani, na wote wawili wakainamia penseli. Hata bila begi, ndege ingezidi kilo nne.

Hakuna aliyehitaji kukumbushwa kanuni. Mama Kilo alikuwa amefika mapema, lakini kwa kuwa aliwapima wenzake kwanza, jina la mwisho kwenye orodha lilikuwa lake. Ndege nyingine ingekuja kesho adhuhuri, na mafunzo yalikuwa saa mbili. Alishuka kwenye mizani polepole, akaitoa mfukoni ile barua ya mafunzo, akampa meneja airudishe ilikotoka.

"Ngapi?" aliuliza wifi.

Meneja alisema namba za watu ni siri ya mizani, na kwamba ndiyo desturi ya uwanja.

"Yangu haikuwa siri."

Baraza zima likatazama chini. Mama Kilo akaurudia ule uso wa mizani, akaushika kwa mikono miwili, akaugeuzia watu, na kupanda tena juu ya chuma.

"Tisini na mbili," alisoma.

"Sijasikia."

"Tisini na mbili, wifi. Na ile siku, kukuacha ilikuwa kanuni. Kukusoma kwa sauti haikuwa kanuni. Huo ulikuwa ubaya wangu mimi."

Wifi alimtazama kutoka viatuni mpaka kichwani, jicho la fundi, lisilo na huruma wala chuki. Halafu akapiga goti mbele ya begi lake na kuanza kufungua zipu.

"Tisini na mbili," alisema huku akipekua. "Mimi nilikadiria tisini na tatu. Ulidhani gauni linajipanua lenyewe? Mwaka jana kiuno nimekuongeza inchi mbili, mwaka juzi inchi mbili. Natoa kitambaa pembeni, nakaa kimya, wewe unapita mjini unajisifu."

Kutoka kwenye begi alichomoa pasi yake ya chuma, nzito, ya mpini wa mbao, ambayo haijawahi kulala nje ya nyumba yake. Mama Kilo akashuka, wifi akaitua juu ya mizani. Mshale ukaonyesha kilo nne na nusu. Meneja alimwuliza kama kweli fundi anaweza kwenda kushona sare za watu bila pasi. Wifi akamjibu kwamba mji wenye ngazi zinazopanda zenyewe hauwezi kukosa pasi, na kama haipo atakalia suruali mpaka zinyooke, uzito wa kutosha anao, uwanja mzima ni shahidi.

Akaipeleka kwenye uzio. "Kaka, shika hii. Na usije ukaiazimisha."

Rubani alitoa nne na nusu, akaongeza tisini na mbili. "Mia saba tisini na tisa na nusu. Imebaki nusu kilo."

"Basi achukue mswaki na ile barua," alisema wifi. "Nguo nitamshonea huko. Kipimo ninacho."

Begi la kilo ishirini likapitishwa juu ya uzio kwa mume, aliyekuwa sasa amebeba kama punda na bado hajasema kitu. Mama Kilo akachomeka mswaki kwenye mfuko wa gauni. Abiria wakaanza kupanda mmoja mmoja. Ilipofika zamu yake, rubani alikitazama kijikaratasi, akamtazama yeye, akakohoa.

"Mama, wewe nitakuomba..."

"Najua," alisema Mama Kilo. "Kiti cha heshima."

Akaenda ametanua kifua. Nyuma yake watu wanane walikuwa wameshughulishwa sana na mawingu.

Ndani, rubani alimwonyesha mambo asiyoruhusiwa kugusa, ambayo yalikuwa yote. Injini zikanguruma, nyasi zikaanza kukimbia, bahari ikaja mbio na kujaa kioo chote cha mbele. Mama Kilo akafumba macho. Alipoyafumbua bahari ilikuwa chini, imekaa mahali pake, na magurudumu yalikuwa yameipita kwa nafasi ya kutosha. Mkono ulitoka kiti cha nyuma ukamgusa begani. Hakugeuka, aliushika tu.

Ndege ikalala upande mmoja kugeuka. Chini aliiona njia mpya, nyeusi, ndefu, na vioo vya lile jengo vikimulika jua. Kando yake kiwanja cha zamani kilionekana kama kiraka. Pale barazani watu walikuwa wameshatawanyika, amebaki mtu mmoja tu mwenye shati jeupe. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akavua viatu, kisha akapanda juu ya mizani.

Mama Kilo aligeuka haraka kumwambia wifi. Kisha akabadili mawazo, akafunga mdomo, na kutazama mbele.