Waliopanda Boti ya Chelagat

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya chai, Chelagat aliinua ubao wa sakafu ya nyuma ya boti, akapiga magoti juu ya gunia kuukuu, akamulika tochi chini ya injini. Mwingereza aliyewauzia yeye na mumewe boti ile aliwafundisha kwamba boti nyingi huzamishwa na uvivu wa mwenyewe. Angalia kama kuna maji chini ya injini. Kaza kikombe cha grisi ya kulainisha shafti mpaka kikatae. Mafuta yaliyodondoka yafute, usiyaache yaelee. Halafu toka nje utazame mstari mwekundu uliopakwa ubavuni. Ukiuona juu ya maji, nenda kanywe chai.

Jumamosi hiyo chini ya injini palikuwa pakavu. Mstari mwekundu haukuonekana.

Chelagat alisimama gatini akiwa ameshika tochi iliyokuwa bado inawaka kwenye jua. Alizaliwa Kapsowar, milimani, ambako maji mengi kuliko yote aliyoyaona utotoni yalikuwa ndani ya pipa la mvua la kanisa. Hakujua kuogelea. Yeye na mumewe Kibet walihamia kwenye boti baada ya kushindwa na kodi ya nyumba kule ughaibuni, Gaithersburg. Ilikuwa boti ya chuma, ndefu na nyembamba kama korido ya hospitali, iliyoundwa kwa ajili ya mifereji tulivu ya Uingereza, na sasa ilikuwa imefungwa kwenye hori, mkono mdogo wa mto Potomac, chini ya vilima vya Oxon Hill. Kila boti kubwa ya abiria ilipopita mtoni, sahani zao ziligongana kabatini na Chelagat alishika meza.

"Kibet, tunazama," alisema.

Kibet, aliyekuwa akiendesha gari la kuwapeleka wasafiri uwanja wa ndege, alitoka na mswaki mdomoni, akatazama, akampigia simu Fahmi.

Fahmi alikuwa fundi wa boti, mtu wa Pemba, mpole, asiyekuwa na haraka. Aligonga chuma kwa nyundo ndogo kutoka nyuma hadi mbele akisikiliza mlio. Alipitisha kidole pale shafti ya pangaboi linalosukuma boti inapotokea nje. Kisha akaketi na kujifuta mikono.

"Shemeji, chini kukavu kabisa. Boti yako haivuji. Imebeba."

"Imebeba nini?"

"Mtu," alisema Fahmi, akaelekeza nyundo kwenye kibaraza cha mbele.

Pale kwenye benchi alikaa Bi Queen, amevaa gauni lake la buluu la wagonjwa na ndara za manyoya, utepe wenye jina lake ukiwa bado mkononi. Alikuwa amefariki Jumatano, katika nyumba ya kutunzia wazee ambako Chelagat alifanya kazi.

"Uliniambia unakuja," alisema Bi Queen. "Nikaona unachelewa, nikaja mwenyewe."

Chelagat aliketi juu ya ubao aliokuwa ameuinua. Ilikuwa kweli. Zamani ukumbi wa vyumba aliouhudumia pale kazini ulikuwa na wahudumu wawili kila shifti. Halafu mmoja aliondolewa na hakuna aliyeletwa badala yake. Chelagat akiwa amemshika mzee mmoja bafuni asianguke, kengele zililia vyumba vingine, naye alijibu kwa sauti kupitia ukutani, "Nakuja sasa hivi!" na kila mara alimaanisha. Jumatano alipofika kwa Bi Queen, kidole cha yule mama kilikuwa bado kwenye kitufe cha kengele.

"Anatumia sukari?" Kibet aliuliza. Alikuwa ameshachemsha chai.

Fahmi alisema mtu mmoja si tatizo, ila asikae mbele kabisa, asogee katikati. Boti nyembamba haipendi kuelemewa upande. Bi Queen alisogea akanywa chai yake, akasema mto unanuka tope lakini afadhali kuliko ukumbi ule.

Wiki iliyofuata alikuja Bwana Tolliver, marehemu mwingine wa ukumbi ule, aliyewahi kuendesha mabasi ya jiji, mtu mwenye mwili mkubwa na miguu iliyovimba. Kibet alimkuta asubuhi amekaa karibu na jiko, na mabakuli yameteleza yote upande mmoja. Baada yake walikuja dada wawili waliokuwa wakilala chumba kimoja, kisha fundi cherehani mmoja kutoka El Salvador aliyekuwa akijifunga blanketi hata kwenye joto, kisha wengine. Wote waliingia kwa mlango wa mbele wakapangusa ndara zao. Hakuna aliyemlaumu Chelagat. Walisema tu kwamba walisikia anakuja.

Na kwa kila aliyeingia, maji yalipanda.

Mbele ya boti, chini ya benchi, kulikuwa na matundu mawili ya kutolea maji ya mvua. Boti ikikaa juu, mvua hutoka pale. Ikikaa chini, mto huingia palepale. Chelagat akaanza kuyaogopa matundu yale jinsi watu wanavyoogopa mbwa wa jirani. Kabla ya kwenda kazini aliinama kuyapima kwa vidole, na akirudi aliyapima tena kabla ya kuvua koti. Nafasi kati ya matundu na maji, iliyokuwa ya kiganja, ikawa ya vidole vitatu. Alilala amevaa jaketi la kuokolea, na Kibet alipogeuka kitandani na boti ikayumba, Chelagat alipiga kelele.

"Tutoe farumi," Fahmi alishauri. Farumi yalikuwa matofali yaliyopangwa chini ya sakafu ili boti itulie. Waling'oa mbao, wakayapitisha mkono kwa mkono hadi gatini, Bwana Tolliver naye akipokea. Kwa kila mgeni walitoa matofali ya uzito wake. Matofali yakaisha. Wakatoa kochi, wakatoa cherehani ya Chelagat na friji. Wageni wakaendelea kuja.

Ndipo Chelagat alipokwenda kumwona Sista Jacqueline, nesi Mtanzania aliyepanga zamu pale kazini. Alimkuta ofisini anakula ugali kwenye kikopo, amesimama.

"Sista, wanakuja kwangu. Wale wanaokufa wakipiga kengele."

"Wote?" aliuliza Jacqueline.

"Wote wa ukumbi wangu."

Jacqueline alitafuna, akamaliza. "Afadhali wana mtu. Wa ukumbi wa pili sijui huwa wanakwenda wapi."

"Boti inazama, Sista. Mimi siwezi kuogelea. Niongezee mtu mmoja tu kwenye zamu."

"Dada yangu, unadhani sijaomba? Nimeomba mpaka wakubwa wamenizoea. Wanasema ukumbi unakwenda vizuri kwa sababu vitanda havikai vitupu." Alifunga kikopo. "Hata leo wanaingia wapya. Nenda, kengele ya mwisho kule inalia."

Mwenye gati naye alikuja, akatazama, akasema boti iliyokaa chini namna ile itazama mahali pake na kumharibia nguzo, basi waipeleke kwa fundi wa kuchomelea azibe matundu, juu kwenye mto Anacostia, au waiondoe kabisa. Fahmi alikubali kuiongoza. Waliondoka Jumapili asubuhi wakati mto umetulia. Chelagat alitaka kupanda basi na kuwasubiri huko. Bi Queen alimtazama, naye akaingia.

"Mambo ni machache," Fahmi alisema akiwa kwenye usukani. "Kamba zote ndani, zisije zikajisokota kwenye pangaboi. Mtu asiweke mkono nje. Wimbi likija, haliletewi ubavu, tunaligeuzia uso. Na mwendo naupunguza ila injini siizimi, maana boti isiyokwenda haisikii usukani."

Walipita chini ya daraja kubwa la Woodrow Wilson, magari yakinguruma juu ya vichwa vyao. Upande wa pili ilitokea boti ya starehe, nyeupe, ikienda kasi kama inayofukuzwa. Aliyeiendesha aliwapungia mkono. Nyuma yake maji yaliinuka, mgongo baada ya mgongo, yakaja.

"Wote nyuma!" Fahmi aliamuru. "Polepole, mmoja mmoja, tuinue mbele!"

"Shikeni vyuma," alisema Bwana Tolliver kwa sauti ya basini. "Tunakata kona."

Boti iligeuka, lakini ilikuwa ndefu na nzito, na wimbi la kwanza liliifikia kabla haijamaliza. Ililala upande. Vikombe viliruka. Chelagat, aliyebaki katikati, aliona mbele maji ya kahawia yakiingia kwa matundu yote mawili, bila kelele. Alitaka kukimbilia huko na miguu ikakataa. Na palepale wageni wakaanza kumwita, maana ndiye waliyemjua. Fundi cherehani alikuwa ameanguka. Mmoja wa wale dada wawili alimtafuta mwenzake. Bi Queen alisema hawezi kupumua. "Chelagat! Chelagat!" Kila sauti ilitoka upande tofauti.

Alifungua mdomo kuwajibu, akaufunga. Hakumjibu hata mmoja. Alitambaa kwa mikono na magoti hadi mbele, huku maji ya baridi yakimfika viwiko, akavua sweta lake akalisokomeza kwenye tundu la kwanza, akakalia la pili. Wimbi lililofuata lilimpiga kifuani. Alilia kwa sauti, kwa Kikalenjin, akimwita mama yake, lakini hakuinuka. Nyuma Kibet aliwasha pampu, na waliokuwa na vikombe walichota maji na kuyamwaga nje dirishani, hadi mto ukatulia.

Wakafika kwa fundi. Huko boti iliinuliwa kwa winchi na wageni wote wakiwa ndani, wakichungulia madirishani. Matundu yalizibwa kwa vipande vya chuma, na yale ya kupitishia hewa, yaliyokuwa ubavuni, yakapandishwa hadi paani. Mwenye kuchomelea aliuliza tu kama yule mama wa gauni la buluu angeweza kusogea, cheche zisimfikie.

"Sasa mtaweza kuwaongeza," Fahmi alisema jioni wakifunga kamba. "Wachache. Ila uzito upangwe, shemeji. Mnene nyuma, mwembamba mbele, na pande zote mbili zilingane."

Jumatatu Chelagat aliingia zamu peke yake. Kitanda kilichokuwa cha Bi Queen kilikuwa kimetandikwa upya kwa mara nyingine, na juu yake alikaa mzee mmoja mrefu, mnene, aliyeletwa kutoka Bowie na binti yake. Bado alikuwa amevaa viatu vya barabarani. Binti alikuwa amekwenda kutafuta maegesho. Mzee alimwuliza Chelagat, kwa adabu, kama akihitaji kitu usiku atakuja nani.

Chelagat alisema ni yeye. Alimvua viatu, akamwekea mto mgongoni, akamwonyesha kitufe. Alimtazama mabega, kifua, mapaja yaliyojaza godoro, akawaza kwamba huyu itafaa akae nyuma kabisa, upande wa kulia, karibu na injini, ambako pana joto.