Ng'ombe wa Jumapili

"Ni wewe, Natasha. Amka," Matron alisema kutoka mlangoni mwa bweni, kidole kimenyooka.

Natasha aliinuka kitandani, shuka begani, usingizi umemjaa machoni. Mlio wa ng'ombe uliosikika katikati ya mapumziko ya Jumapili haukutoka upande wa kulia wa mlango, kitandani kwa Natasha. Ulitoka kushoto, kinywani mwa Zeddy, na kipaji hicho cha Zeddy cha kuiga ng'ombe kilijulikana hadi kwa walinzi wa geti.

Miaka yote Matron Jepkosgei hakuhitaji kuingia ndani. Alisimama mlangoni na aproni yake ya kijani, akasikiliza, akanyoosha kidole. Kidole hakikukosea, na wasichana walikiogopa kuliko mwalimu mkuu. Kisha asubuhi moja, mwezi uliopita, akaamka sikio la kushoto limekufa, limebaki mvumo tu. Akadhani ni nta. Akamimina mafuta ya kupikia ya vuguvugu, akangoja lizibuke. Akangoja wiki nzima.

"Mama, ungekuja siku ile ile," daktari wa masikio alimwambia mjini Nakuru. "Umechelewa, na ulishikwa na kizunguzungu. Hizo si dalili nzuri. Lakini sauti nzito unazisikia kwa mbali. Meza hizi dawa. Likirudi, huenda likaanza na hizo nzito. Tukipima tena ndipo nitajua niseme nini."

"Na lisiporudi?"

Daktari alifunika kalamu yake. Mwalimu mkuu naye alikuwa ameshauliza, kwa upole wa kutisha, matron asiyejua kelele inatoka wapi atalindaje wasichana tisini.

Siku ya kupimwa ilikuwa kesho.

"Ni mimi, Matron," Natasha akasema. "Nisamehe."

Zeddy akaruka kutoka kitanda cha juu. "Wacha uongo! Matron, ni mimi. Huyu alikuwa anakoroma."

Hakuna aliyecheka. Jepkosgei alikitazama kidole chake kana kwamba amekiazima. Akaketi juu ya sanduku la bati, akawapa mgongo.

"Zeddy, lia tena. Ile nzito. Nikisikia nitainua mkono, kama kule hospitali."

"Aki Matron, sitarudia."

"Lia, nimesema."

Akaziba sikio la kulia kwa kidole kile kile.

Zeddy akavuta pumzi, akalia polepole, kwa heshima zote, kama ng'ombe anayeitwa kukamuliwa.

Mkono wa kushoto wa Matron ulikuwa gotini. Bweni zima likautazama.