Jumamosi Sita

Kwa miaka ishirini na sita Kalamu na Rangi walikaa meza moja, na hawakuwahi kugombania hata kiti. Kalamu aliandika maneno ya matangazo, Rangi alichora picha. Majina yao halisi yalibaki kwenye vitambulisho tu. Ofisi nzima, tangu mkurugenzi hadi mlinzi wa getini, iliwaita hivyo. Kalamu akianza sentensi, Rangi alikuwa ameshaanza kuchora mwisho wake. Halafu dada yake Rangi, aliyekuwa akija kumletea kaka yake chakula cha mchana kipindi alichosumbuliwa na vidonda vya tumbo, ndiye Kalamu aliyemwoa. Tangu hapo wakawa shemeji kwa shemeji, na watu wakazoea kuwaona pamoja kama chanda na pete.

Kisha magazeti yakaanza kupungua kurasa. Wateja waliokuwa wakinunua ukurasa mzima wa rangi sasa wakawa wanauliza habari za wafuasi na watazamaji. Mkurugenzi akastaafu, akaja meneja mpya, mwanamke wa miaka thelathini na mbili, mpole wa sauti, asiyetaka mchezo na kazi. Siku ya kwanza aliwakusanya wote akawaeleza kwamba matangazo ya mtandaoni ndiyo kazi yenyewe sasa. Kungekuwa na mafunzo ya wiki sita, halafu mtihani.

"Atakayeshindwa tutamtafutia utaratibu mwingine," alisema.

Kila mtu alijua utaratibu huo unatokea mlango gani.

"Shemeji, umeelewa chochote?" Rangi alinong'ona.

"Nimeelewa pale aliposema karibuni," Kalamu akamjibu. "Mengine yote yamenipita."

Walicheka kwa kuziba midomo kama watoto wa shule, mpaka mhasibu akageuka kuwatazama.

Jioni ya siku hiyohiyo Kalamu alirudi kuchukua miwani aliyoisahau mezani. Mlango wa meneja ulikuwa wazi kidogo, naye alikuwa akizungumza kwenye simu. "Wale wazee wawili ni watu wazuri," alikuwa akisema, "lakini nafasi ni moja. Tutabaki na atakayeweza." Kalamu alisimama koridoni, miwani mkononi. Alikuwa na miaka hamsini na saba. Alijua watu wa umri wake waliomwaga unga wanavyoshinda nyumbani, wamevaa viatu vya ofisini na hawana pa kwenda. Aliondoka kwa kunyata, na neno lile hakumwambia mtu, hata mke wake.

Binti yake alikuwa akiuza viatu mtandaoni, na biashara yake ilikuwa imechangamka. Kalamu alimwomba amfundishe. Kila Jumamosi asubuhi, mama wa binti akiwa sokoni, baba na binti walikaa kwenye meza ya chakula na kompyuta katikati yao. Mwanzoni ilikuwa kichekesho. Tangazo la kwanza alilotengeneza, la sabuni ya watoto wachanga, alilielekeza kwa wanaume wa miaka sitini na tano na kuendelea.

"Baba, hawa wananyonyesha?" binti alimuuliza.

"Wana wajukuu," Kalamu alijitetea.

Lakini hakuwa mtu wa kukata tamaa. Alinunua daftari, akaandika kila hatua kwa mkono: wapi pa kubonyeza, namna ya kuchagua watu wa kuonyeshwa tangazo, namna ya kujua walioliona ni wangapi. Kufikia Jumamosi ya tatu alikuwa hafungui tena daftari.

"Mjomba naye anaendeleaje?" binti alimuuliza siku hiyo. "Mlete basi, niwafundishe wote."

"Nitamwambia," alisema Kalamu.

Hakumwambia. Jumatatu Rangi mwenyewe alivuta kiti karibu, akainamisha kichwa. "Shemeji, hii kitu mimi inanitoa jasho. Nikipata picha, napoteza mahali pa kuandika. Nikipata mahali pa kuandika, picha imeshatoroka. Wewe unaielewa?"

"Nabahatisha tu," alisema Kalamu.

"Mpwa wangu si anazijua hizi? Nilikuwa nafikiria nije Jumamosi."

"Amebanwa kweli siku hizi. Jumamosi yuko safarini."

"Aa, basi akirudi." Rangi alimpiga begani, akarudi kwenye skrini yake akipiga mluzi. Kalamu alitazama mikono ya shemeji yake, mikono iliyoweza kuchora uso wa mtu kwa mistari mitano, ikikishika kipanya cha kompyuta kama yai linalotaka kupasuka. Kisha akageukia skrini yake.

Siku ya mtihani walikaa kwenye chumba cha mikutano, kila mmoja na kompyuta yake. Kazi ilikuwa kutengeneza tangazo la duka la magodoro, kwenye akaunti halisi ya mteja. Meneja alisisitiza mara mbili: wakimaliza wabonyeze kitufe cha kuhifadhi, wasiguse cha kurusha hewani.

Kalamu alimaliza mapema. Rangi alikuwa amekaa kulia kwake. Kwenye skrini yake kulikuwa na picha aliyoichora asubuhi ile, mwanamke aliyelala ubavu, mkono chini ya shavu, amelala kweli kiasi kwamba anayemtazama anashusha sauti. Hakuna mwingine mle chumbani aliyekuwa na picha ya kuikaribia. Lakini kwenye sehemu ya maneno Rangi alikuwa amejiandikia: "Hapa sijui wanataka nini, nitamuuliza shemeji."

"Shemeji," alinong'ona, "nikishafika hapa nabonyeza kipi?"

Kalamu aliona mshale umekaa juu ya kitufe cha kurusha. Aliuona vizuri kabisa. Neno moja tu lilitakiwa, au hata kutikisa kichwa. Alikaza macho kwenye skrini yake kama mtu ambaye hajasikia. Rangi akasubiri kidogo, akabonyeza.

Tangazo lilikaa hewani dakika arobaini kabla mteja hajapiga simu kwa hasira. Kufikia hapo maelfu walikuwa wameshaliona na kutumiana. Wiki nzima watu wasiomjua Rangi walikuwa wakiandikiana, "Muulize shemeji." Ofisini vijana walijitahidi kutolitamka mbele yake, na kule kujitahidi kwao ndiko kulikomuumiza zaidi.

Ijumaa alipewa barua na kushikwa mkono. Alifunga brashi zake kwenye gazeti kuukuu, akageuka kwa Kalamu.

"Bora umebaki wewe," alisema. "Dada yangu asingelala."

Alisema kwa moyo mweupe. Kalamu alimsindikiza mpaka getini, akarudi, akajifungia chooni muda mrefu.

Pengine jambo hilo lingefukiwa hapo. Lakini wiki mbili baadaye Rangi alikuja kuwasalimia nyumbani, na binti alikuwepo. Alimmiminia mjomba wake chai, akaketi karibu naye.

"Mjomba, pole sana kwa yaliyokupata," alisema. "Lakini na wewe, mbona hukuja? Kila Jumamosi nilikuwa namfundisha baba hapahapa. Nilimwambia akulete."

Mke wa Kalamu aliacha kukunja nguo. Rangi alimtazama mpwa wake, si Kalamu.

"Jumamosi ngapi?" aliuliza taratibu.

"Sita," alisema binti, kisha akauona uso wa baba yake.

Rangi alikunywa chai yake mpaka ikaisha. Hakuharakisha. Aliweka kikombe mezani, akasimama, akamshukuru mpwa wake, akamwambia dada yake abaki salama. Kalamu alimfuata mlangoni.

"Shemeji, nisikilize. Nafasi ilikuwa moja. Nilimsikia meneja kwa masikio yangu."

Rangi alikuwa akivaa viatu. "Ungeniambia," alisema bila kuinua kichwa. "Ningekuachia. Mimi sina mtoto wa kumsomesha, wewe una wawili bado shuleni. Ningekuachia, tukabaki tunacheka."

Mtu aliyelisha familia yake kwa maneno miaka ishirini na sita alisimama kizingitini mikono ikining'inia, mpaka shemeji yake akakata kona.

Mke wake hakupiga kelele. Usiku alihamishia mto wake chumba cha binti, akakaa huko siku nane. Aliporudi alisema sentensi moja tu: "Yule ndiye aliyenilea." Kisha akazima taa.

Mwezi wa nne tangu siku ile Kalamu aligundua kwamba Rangi amefungua ukurasa wake mtandaoni. Alikuwa akichora sura za watu kwa penseli na kuziuza. Maelezo yalijaa makosa, picha nyingine zimelala ubavu, wafuasi hawafiki ishirini. Kalamu alizitazama zote mchana kutwa mezani kwake, moja baada ya nyingine. Mwisho akapiga moyo konde, akaandika chini ya picha ya mzee mmoja mvuvi: "Hakuna mkono kama huu mjini." Akaongeza: "Nisamehe."

Kesho yake hakuuona tena ukurasa. Alitafuta kwa jina, akatafuta kwa picha. Akampigia binti yake.

"Kwangu upo, baba," binti alisema. "Amekufungia. Amekuzuia usimwone."

"Hilo amelijuaje?"

"Sijui. Atakuwa amejifunza."

Siku hizi Kalamu anasifiwa kazini. Meneja humwita kwenye mikutano awaeleze vijana namna ya kupanga maneno. Kiti cha upande wa pili wa meza wamekiwekea mashine ya kuchapisha.

Jioni mke wake huketi sebuleni na simu yake, miguu juu ya stuli, akipekua. Juzi alitabasamu, kisha akacheka kidogo peke yake.

"Ni kaka yako?" Kalamu aliuliza.

"Ndiyo."

"Amechora nini leo?"

Mke wake alimtazama kwa muda, si kwa chuki, kama mtu anayepima mzigo.

"Picha tu," alisema, akageuzia simu upande wa ukuta.