Mwalimu Urari na Chumba cha Kompyuta

Miaka ishirini na miwili alifundisha uhasibu kwa chaki, na wanafunzi wakambandika jina Mwalimu Urari, kwa kuwa pande mbili za hesabu zisipolingana hakuwa na amani. Basi mkuu wa idara alipotangaza kwamba muhula ujao somo lake litafundishwa kwa kompyuta, akaona kazi imemshinda. Kompyuta yeye aliijua kwa kuipangusa vumbi tu.

Hakumwambia mtu. Aliandika barua ya kuacha kazi kwa mwandiko wake mzuri, akaipeleka kwa karani.

"Samahani, Mwalimu," karani akasema, "siku hizi hatupokei karatasi. Itume kwa baruapepe."

Lo! Hata kuacha kazi kunataka kompyuta!

Akajikongoja hadi kwa fundi wa chumba cha kompyuta, kijana aliyewahi kufeli somo lake mara mbili.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nifundishe kutuma barua." Barua gani, hakusema.

"Shika kipanya. Usiogope, hiki hakiumi."

Mwalimu alichapa kwa kidole kimoja. Alipofika katikati, fundi akaona kilichoandikwa.

"Mwalimu, nilipofeli, ulinifukuza?"

"Nikufukuze kwa nini? Ulikuwa mzito, si mjinga."

"Basi na wewe usijifukuze." Akaifunga barua, akafungua jedwali la kukokotolea hesabu. "Andika hesabu zako hapa."

Akaandika. Jumla zikajitokeza zenyewe, kushoto na kulia. Akasogeza miwani. "Kumbe ni daftari langu lile lile!"

Wiki sita alikwenda kila alasiri. Mara mbili kazi yote ilipotea kwa kusahau kuihifadhi. Siku moja nusura alie.

Muhula ulipofunguliwa, mbele ya wanafunzi sabini, safu nzima ya tarakimu iligeuka alama za reli, ####. Darasa likaangua kicheko. Naye akacheka.

"Hesabu nene, safu nyembamba. Nani anajua kuipanua?"

Mikono miwili tu ikainuka. Ndipo alipotambua kwamba hakuwa peke yake gizani.

Mchana ule alimchukua fundi, wakaenda kwa mkuu wa idara kuomba chumba kifunguliwe Jumamosi kwa wasio na kompyuta nyumbani. Mkuu alisita, kisha akatoa ufunguo.

Jumamosi ya kwanza walikuja kumi na mmoja, na karani yule aliyekataa karatasi akiwa mmoja wao.