Mtiifu na Mbishi

Fundi cherehani alizitandaza ripoti mbili za shule za wanawe juu ya meza ya walimu, akazinyoosha kwa kiganja kama anayepima kitambaa kabla ya kukitia mkasi.

"Hii ya kaka, hii ya dada. Mwandiko wako, Mwalimu?"

"Wangu, Fundi."

Ya kaka iliandikwa miaka kumi na miwili iliyopita: *Mtiifu mno. Hufanya aambiwalo bila maswali.* Ya dada ilikuwa ya muhula uliopita: *Mbishi. Ajirekebishe.*

"Mtiifu wako amefungwa maisha," alisema fundi. "Walimwambia adui ni nani, akaamini. Wakampa mkoba aupeleke sokoni, akaupeleka; ukalipuka. Hata mimi nikimtuma chumvi alikuwa haulizi kiasi gani." Alicheka kidogo. "Nimekuja kumtoa huyu mbishi kabla hamjamrekebisha."

Mwalimu, ambaye wanafunzi walimwita Bi Kimya akiwapa kisogo, alitafuta la kujitetea: watoto themanini darasani, mitihani, mkaguzi. Yote yalikuwa kweli, na hakuna lililomfaa. Kwa maana kijana yule aliwahi kuuliza, mara moja tu, akiwa darasa la nne. Kitabu kilisema watu wa ng'ambo ya mto ni wakatili, naye akanyoosha mkono: "Mwalimu, bibi yangu katoka huko. Naye ni mkatili?" Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akagonga ubao: "Nakili kilichoandikwa!" Mkono ukashuka, haukunyanyuka tena, naye Mwalimu akauita ukimya ule utiifu.

Alimsimulia fundi yote, bila kupunguza neno.

"Bibi huyo ni mama yangu," alisema fundi. "Hajamchinja hata kuku."

"Niachie binti, Fundi. Akiuliza nitamjibu. Nisilolijua, nitamwambia silijui, tulitafute pamoja."

"Atakuchosha. Mimi nyumbani nimeshanyoosha mikono."

"Anichoshe."

"Basi abaki."

Mwalimu alichukua kalamu, akafuta *Ajirekebishe*, akaandika *Aendelee*. Kisha akaivuta ripoti ya kaka. Fundi akaifunika kwa kiganja.

"Hiyo iache, Mwalimu. Mama yake bado huisoma. Hana karatasi nyingine inayomsifu mwanawe."